Shajara ya mradi: neva za peptaidi na vipokezi vyake kwenye thairoidi na parathairoidi

10 Februari

Kibali cha maadili kimetoka, panya wa maabara wapo, na bafa za kwanza zimeshachanganywa. Nitakuwa naandika hapa kila kazi inapopiga hatua. Nawaandikia hasa wanafunzi wa udaktari na wa tiba ya mifugo ambao chuoni kwao kuna hadubini ya mng'ao na kriostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa), lakini hawana mtu wa kuwaonyesha kazi ya neva za peptaidi inavyokwenda siku hadi siku.

Swali la mradi ni fupi. Ni neva zipi zenye peptaidi (minyororo mifupi ya amino asidi inayobeba ujumbe) zinazoingia kwenye tezi za shingoni za panya, thairoidi na parathairoidi, na je, seli zinazopakana na neva hizo zina vipokezi vya kupokea ujumbe wake?

Nusu ya kwanza ya swali ilishashughulikiwa na watu waliojua kazi yao. Mwaka 1980 Bo Ahrén na wenzake wa Lund, Uswidi, walichapisha katika jarida la Nature kwamba peptaidi iitwayo VIP imo ndani ya neva za thairoidi, na kwamba panya wadogo (mice) wakipewa VIP, thairoidi yao huongeza utoaji wa homoni. Miaka iliyofuata Thomas Grunditz, akiwa na Frank Sundler, Rolf Håkanson, Rolf Uddman na wengine palepale Lund, akaendelea na peptaidi nyingine: NPY, CGRP, dutu P na nyinginezo. Sisi tunairudia ramani hiyo kwa macho yetu wenyewe, kisha juu yake tunataka kuweka tabaka la pili, la vipokezi.

Darasani tunafundishwa kwamba thairoidi inaamrishwa na homoni ya TSH kutoka tezi ya pituitari, na parathairoidi inaamrishwa na kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Ni kweli kabisa, na hakuna lolote katika mradi huu litakalolipinga. Ila mwanafunzi akiishia hapo anabaki na picha ya tezi zisizo na neva hata moja, wakati ukizikata na kuzitazama unakuta nyuzi za neva zimezunguka mishipa ya damu na nyingine zimepenya hadi katikati ya seli. Kitu kilichopo kwa wingi namna hiyo kinastahili kuulizwa kinafanya nini.

14 Februari

Kingamwili zimeagizwa, yaani protini tunazozipaka kwenye tishu ili zishike kitu tunachokitafuta na kukionyesha kwa mng'ao. Wakati tunasubiri, Profesa amenikataza kugusa slaidi hata moja kabla sijamchorea kwenye karatasi neva zote zinazofika kwenye thairoidi na zinakotoka. "Mwanangu, usichokijua huwezi kukiona kwenye hadubini," akaniambia. Nimechora, amesahihisha, nimechora tena. Naiweka hapa kwa maneno.

Neva zinatoka pande tatu. Upande wa kwanza ni simpathetiki, kutoka fundo la juu la neva la shingoni (fundo ni mkusanyiko wa seli za neva). Hizi zinabeba noradrenalini, na nyingi zinabeba NPY pamoja nayo. Upande wa pili ni parasimpathetiki, kutoka vifundo vidogo vilivyo karibu na tezi yenyewe, kwenye njia ya neva za zoloto ambazo ni matawi ya vegasi. Humo ndimo inamotoka VIP. Upande wa tatu ni neva za hisia, zenye CGRP na dutu P, ambazo seli zake zimekaa kwenye fundo la jugula la neva vegasi na kwenye mafundo yaliyo kando ya uti wa mgongo wa shingoni.

Haya yalijulikanaje? Kwa njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kuondoa fundo la upande mmoja, kusubiri nyuzi zife, kisha kulinganisha ndewe mbili (ya kulia na ya kushoto) za thairoidi ya mnyama yuleyule. Nyuzi zilizotoweka upande uliokatwa zilikuwa zinatoka kwenye fundo lile. Ukitoa fundo la juu la shingoni, kope la upande ule hulegea, na hiyo ndiyo dalili kwamba umetoa fundo lenyewe na si kinofu cha mafuta. Njia ya pili inakwenda kinyumenyume: unadunga rangi kama True Blue ndani ya tezi, ncha za neva zinaimeza, rangi inasafiri ndani ya uzi wa neva hadi kwenye mwili wa seli, halafu unakwenda kuitafuta kwenye mafundo. Rangi ikikutwa kwenye fundo fulani, na seli hiyohiyo ikakubali kingamwili ya CGRP, umepata asili na peptaidi kwa pamoja.

Jambo moja limenivutia nilipokuwa nasoma historia ya peptaidi hizi. Dutu P ilipatikana mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum, katika dondoo za utumbo na ubongo wa farasi. VIP ilitengwa na Sami Said na Viktor Mutt mwaka 1970 kutoka utumbo wa nguruwe. NPY ikatoka kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982, kwa kazi ya Kazuhiko Tatemoto na Mutt huyohuyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaitafuta thairoidi. Vitu hivyo vilivyotoka utumboni na kichwani ndivyo tunavyovikuta shingoni.

3 Machi

Tishu ya kwanza imekatwa.

Panya ni mnyama mzuri kwa swali hili kwa sababu moja kubwa: ana parathairoidi mbili tu, moja kila upande, na kila moja imekaa ubavuni mwa ndewe ya thairoidi, kwa juu. Binadamu kwa kawaida ana nne, kila moja ikiwa na uzito wa miligramu 30 hadi 40 hivi, na mahali zinapokaa hubadilika mtu hadi mtu. Kwa panya, kipande kimoja chembamba kikikatwa mahali sahihi kinakupa tezi zote mbili kwenye slaidi moja, chini ya kingamwili ileile, kwa muda uleule. Hakuna ulinganisho wa haki kuliko huo.

Udogo wa tezi hii ndio uliofanya ichelewe kujulikana. Richard Owen aliiona kwa faru wa India aliyefia kwenye bustani ya wanyama ya London, akaieleza mwaka 1850. Kwa binadamu ilisubiri hadi 1880, pale Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, alipochapisha maelezo yake baada ya kuikuta kwanza kwa mbwa. Mwanafunzi! Na kazi yake haikupewa uzito iliostahili wakati wa uhai wake; alifariki mwaka 1889. Nimemweka ukutani juu ya meza yangu ya kazi.

Sasa kazi yenyewe. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi mzito, asisikie chochote. Damu inasafishwa kwanza kupitia moyoni kwa maji ya chumvi, kisha inapitishwa dawa ya Zamboni ya kuhifadhi tishu, ambayo ni paraformaldehaidi iliyochanganywa na asidi ya pikriki. Usiruke hatua ya kusafisha damu. Seli nyekundu zilizobaki kwenye kapilari hung'aa zenyewe chini ya mwanga wa buluu, na kapilari za thairoidi ni nyingi mno, kwa hiyo utajikuta unahesabu damu ukidhani ni neva.

Asidi ya pikriki inaigeuza tishu yote kuwa ya manjano. Kabla haijageuka, parathairoidi inaonekana chini ya hadubini ya kupasulia kama doa lililopauka kidogo kuliko thairoidi iliyoizunguka. Baada ya hapo rangi ni moja. Kwa hiyo tunaiwekea alama ya uzi mwembamba pembeni mapema. Tishu inaoshwa kwenye bafa yenye sukari, maji yakibadilishwa hadi manjano yapungue, ndipo inagandishwa.

Kriostati imewekwa nyuzi 20 chini ya sifuri, unene mikromita 12. Kaka anayeshika kriostati hapa kwetu ameifanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha kupanga vipande kwa zamu: kipande cha kwanza slaidi A, cha pili slaidi B, cha tatu slaidi C, hadi F, halafu unarudi A. Ukimaliza, kila slaidi ina safari nzima ya tezi kutoka juu hadi chini, na vipande vinavyopakana vimo kwenye slaidi tofauti. Slaidi A ikipakwa NPY na B ikipakwa VIP, unaweza kuufuata mshipa uleule wa damu kwenye zote mbili.

11 Machi

Tulianza na PGP 9.5, protini iliyomo karibu kwenye neva zote. Huchagui aina ya neva hapo. Unauliza tu: zipo wapi, na ni nyingi kiasi gani?

Kwenye thairoidi, mishipa ya damu inayoingia kwenye ndewe imezungukwa na wavu wa nyuzi. Kutoka hapo nyuzi moja moja zinaachana na mishipa na kupita katikati ya folikuli, vile vifuko vya seli vinavyotengeneza homoni ya thairoidi. Uzi wa neva wa namna hii haufanani na mstari ulionyooka. Una vinundu vinavyofuatana, kama shanga kwenye uzi. Vinundu hivyo ndimo peptaidi inamohifadhiwa na ndimo inamotolewa. Kwa hiyo ukiona vinundu jirani na seli, unajua kwamba hapo neva inaweza kusema kitu. Ukiona kifungu kinene kilichonyooka bila vinundu, hiyo ni neva inayopita kwenda kwingine.

Kisha tukapaka kingamwili mbili pamoja: ya tairosini haidroksilezi, ambayo ni kimeng'enya cha kutengeneza noradrenalini na hivyo alama ya simpathetiki, na ya NPY. Nyekundu kwa moja, kijani kwa nyingine. Kwenye ateri ndogo rangi zinapandana karibu kila mahali. Hivyo ndivyo ramani ya Lund inavyosema, na nakiri moyo ulinifurahi kuona jambo nililolisoma likisimama mbele yangu.

19 Machi

Slaidi za ulinganisho. Ingizo hili ni fupi lakini msilipite.

Kila mzunguko wa upakaji una slaidi isiyopewa kingamwili ya kwanza, na slaidi iliyopewa kingamwili iliyokwisha kuchanganywa na peptaidi yake nyingi hadi ikashiba. Ya pili ikibaki na mng'ao uleule, huna picha ya peptaidi. Kwa NPY, VIP na CGRP nyuzi zimetoweka zote kwenye slaidi ya kushibishwa. Kilichobaki ni mng'ao hafifu wa koloidi, ute uliomo ndani ya folikuli, ambao upo hata bila kingamwili.

Kuhusu mng'ao wa asili, kuna jambo zuri linalotumika kwenye vyumba vya upasuaji siku hizi. Parathairoidi ya binadamu ikimulikwa kwa mwanga ulio karibu na infraredi hung'aa yenyewe kuliko thairoidi, na madaktari wa upasuaji wanatumia kamera maalumu ili wasiikate kwa bahati mbaya wanapotoa thairoidi. Kundi la Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ndilo lililoielezea njia hiyo mwaka 2011. Mwanga huo hatuuoni kwenye hadubini yetu ya kijani na nyekundu, kwa hiyo hautusumbui.

2 Aprili

CGRP. Kati ya yote tuliyopaka, hii ndiyo slaidi ninayoweza kuitazama mchana kutwa.

Ukiiweka kwenye hadubini kwa ukuzaji mdogo, katikati ya ndewe unaona seli zinawaka kijani kikali, moja moja au vikundi vya tatu na nne, zimebanwa kati ya folikuli. Ukisogea pembezoni mwa ndewe zinapungua na kuisha. Hizo ni seli C, zinazotengeneza homoni ya kalsitonini. Lakini tulikuwa tunatafuta neva, seli C zinafanya nini kwenye picha ya CGRP?

Jibu liko kwenye jeni. Kalsitonini na CGRP zinatoka kwenye jeni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Susan Amara, Michael Rosenfeld, Ronald Evans na wenzao walionyesha kwamba ujumbe wa jeni hiyo unaunganishwa kwa njia mbili tofauti: kwenye seli C unaunganishwa zaidi kuwa wa kalsitonini, na kwenye neva unaunganishwa kuwa wa CGRP. Neno "zaidi" hapo lina uzito wake. Seli C hazikuachana kabisa na njia ya pili, kwa hiyo zina CGRP ya kutosha kung'aa kwa nguvu.

Basi, kwenye slaidi moja una vyanzo viwili vya CGRP. Kuvitenganisha si kazi ngumu ukijua cha kutazama. Tumeongeza kingamwili ya kalsitonini kwa rangi nyekundu na rangi ya DAPI, inayong'aa buluu, kwa viini vya seli. Seli C ina kiini cha buluu, ina umbo la mviringo au pembe, na ina rangi zote mbili. Uzi wa neva ni mwembamba mno, una vinundu, hauna kiini, na ni wa kijani peke yake. Nilipozungusha kirekebisho cha lenzi polepole, uzi mmoja ulitokea chini ya seli C, ukapita ubavuni mwake kwa vinundu viwili au vitatu, ukaendelea hadi kwenye kapilari. Sijui utazame wapi kwanza.

Hapa panazaliwa swali ambalo picha haiwezi kulijibu. CGRP ikikutwa kati ya folikuli, imetoka kwa neva au kwa seli C? Mwili hauweki lebo. Seli inayoipokea haina njia ya kujua. Ndiyo maana tangu leo kwenye daftari langu siandiki "neva za CGRP zinaathiri folikuli". Naandika ni nini kipo jirani na nini, basi.

9 Aprili

Umeme ulikatika usiku kucha. Friza ya tishu ilikuwa na barafu kavu ya akiba, kwa hiyo tishu ni salama. Kingamwili tulishazigawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, hakuna kilichoyeyuka na kugandishwa tena. Dada wa stoo ndiye aliyesisitiza barafu ile iagizwe mapema, na shukrani zote ziende kwake.

24 Aprili

VIP. Nyuzi zake ni chache kuliko za NPY, lakini zipo pale zinapotarajiwa: ukutani mwa ateri ndogo, na baadhi zikipita chini ya seli za folikuli.

Sasa mshipa mmoja wa damu una NPY kwenye slaidi A na VIP kwenye slaidi B. Hizi zinavuta kamba kila moja kwake. VIP hulegeza misuli ya mshipa, NPY huibana. Nchini Marekani kundi la George Hedge, pamoja na Laurel Huffman na Mieczyslaw Michalkiewicz, lilipima jambo hili kwa panya walio hai na kukuta VIP inapandisha kwa kiasi kikubwa mtiririko wa damu kwenye thairoidi, na NPY inaupunguza.

Kwa tezi nyingine ungeweza kusema mtiririko wa damu ni jambo la pembeni. Kwa thairoidi hapana. Kwa uzito wake, ni miongoni mwa viungo vinavyopata damu nyingi kabisa mwilini, takriban mililita 5 kwa dakika kwa kila gramu ya tezi kwa binadamu. Damu hiyo ndiyo inayoleta iodini, na ndiyo inayoleta TSH, na ndiyo inayobeba homoni kwenda nje. Neva inayofungua au kubana mlango wa damu inagusa vyote vitatu bila kuongea na seli ya folikuli hata kidogo. Sisi tunaotoka nyanda za juu tumewaona mabibi wenye rovu, tezi iliyokua kwa kukosa madini joto kabla chumvi ya nchini haijaanza kuongezwa madini hayo miaka ya 1990. Tezi ile haikukua kwa seli tu. Mishipa yake ya damu nayo hukua pamoja nayo. Siku moja ningependa mtu aichunguze ramani ya neva kwenye rovu, si kwenye tezi yenye afya peke yake.

15 Mei

Vipokezi. Hapa ndipo ugumu wote wa mradi ulipo, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Peptaidi ni rahisi kuionyesha. Imefungashwa kwa wingi ndani ya kinundu, kingamwili ina kitu kikubwa cha kushika. Kipokezi ni kidogo kwa idadi, kimesambaa kwenye utando wa seli, na vipokezi vya jamii hii, vile vinavyopita utando mara saba, vinafanana. Kingamwili nyingi zinazouzwa zilitengenezwa dhidi ya kipande kifupi cha mkia wa kipokezi. Watafiti walipozijaribu kingamwili za namna hiyo kwa wanyama waliofutwa jeni ya kipokezi husika, baadhi ziliendelea kupaka tishu vilevile, kana kwamba hakuna kilichoondolewa. Hilo limeonekana kwa vipokezi zaidi ya kimoja.

Tulipopaka kingamwili ya VPAC1, kipokezi cha VIP, kila folikuli iliwaka. Picha nzuri kabisa, ya kuweka kwenye jalada. Tukaipeleka kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa wake, ikashika mistari mingi, ukiwemo mmoja tu ulio karibu na ukubwa unaotarajiwa. Picha ile haitaingia kwenye ripoti.

Mwanafunzi mwenzangu aliuliza, na ni swali zuri: kwa nini tusiishibishe kwa peptaidi yake kama tulivyofanya kwa NPY? Kwa sababu kushibisha kunathibitisha jambo moja tu, kwamba kingamwili inashika kile kipande ilichotengenezewa. Hakuthibitishi kwamba kinachong'aa kwenye tishu ni kipokezi hicho. Kwa NPY tulikuwa na ushahidi mwingine nje ya kingamwili: umbo la neva, asili yake, na kutoweka kwake fundo likiondolewa. Kwa kipokezi kwenye utando wa folikuli hatuna umbo la kutuongoza. Kila kitu kwenye utando kinaonekana kama utando.

Zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kuweka VIP yenye iodini ya mionzi juu ya kipande kibichi kilichogandishwa, na kwenye kipande jirani kuongeza VIP ya kawaida nyingi. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo kipokezi. Ni njia ya kuaminika, lakini inakuonyesha eneo, haikuonyeshi seli, na maabara yetu haina kibali cha mionzi. Ya pili ni kutafuta ujumbe wa RNA wa kipokezi ndani ya seli kwa kipande cha RNA kinacholingana nao. Seli inajitengenezea vipokezi vyake yenyewe, kwa hiyo ujumbe ukiwemo kwenye seli ya folikuli, una haki ya kusema seli hiyo inajiandaa kusikia. Ya tatu ni utendaji: toa seli, zipe VIP, pima cAMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Seli za thairoidi ya binadamu zilishapimwa hivyo na zilipandisha cAMP. Na njia hiyo ya cAMP ndiyo ileile inayotumiwa na TSH, jambo linaloeleza kwa nini VIP iliweza kuongeza homoni kwa panya wadogo wa Lund.

Tumechagua ya pili, na ya tatu tutaiomba kwa ushirikiano na maabara nyingine.

CGRP ina mtego wake peke yake. Mwaka 1998 Linda McLatchie na wenzake walionyesha kwamba kipokezi cha CGRP ni protini mbili zinazokaa pamoja: moja inaitwa CLR, nyingine RAMP1. Bila RAMP1, CLR haiwi kipokezi cha CGRP. CLR hiyohiyo ikikaa na RAMP2 inakuwa kipokezi cha adrenomedulini, homoni nyingine kabisa. Na seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu zina CLR na RAMP2 kwa wingi. Thairoidi imejaa mishipa ya damu. Mtu akitafuta CLR peke yake ataiona kila kona, ataandika kwamba tezi nzima inaisikia CGRP, na atakuwa amepima kipokezi cha adrenomedulini. Kwa hiyo tunaagiza vipande viwili vya RNA vyenye rangi tofauti, na tutahesabu seli zenye vyote viwili tu. Dawa ya kipandauso iitwayo erenumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, inashika kipokezi hichohicho cha protini mbili. Kuna wagonjwa wanaoitumia leo, na kujua kipokezi hicho kiko wapi nje ya kichwa si udadisi wa bure.

6 Juni

Parathairoidi. Tumeimaliza kwa upande wa neva.

Nyuzi ni chache, chache kwelikweli ukilinganisha na thairoidi iliyo mikromita chache pembeni yake kwenye slaidi hiyohiyo. Zilizopo zinafuata mishipa ya damu. Tairosini haidroksilezi na NPY ndizo zinazoonekana zaidi, CGRP kidogo, VIP kidogo zaidi. Nyuzi zinazoachana na mshipa na kuingia katikati ya seli kuu, zile zinazotengeneza homoni ya tezi hii, zipo, ila lazima uzitafute.

Nataka kuwa mwangalifu sana na maneno hapa. Kipokezi cha kalsiamu kilipatikana mwaka 1993 na Edward Brown, Steven Hebert na wenzao kutoka parathairoidi ya ng'ombe, na tangu hapo hakuna shaka juu ya nani anaishika tezi hii: kalsiamu ikishuka, PTH (homoni ya parathairoidi) inapanda ndani ya dakika chache. Kisha kuna ushahidi wa upasuaji, ambao kwangu ni mzito kuliko slaidi zangu zote. Tangu miaka ya 1970, kwa kazi ya Samuel Wells na wengine, madaktari wamekuwa wakichukua vipande vya parathairoidi ya mgonjwa na kuvipandikiza kwenye misuli ya mkono wake. Vipande hivyo vimekatwa na neva zake zote za shingoni. Mishipa ya damu inaota, tezi inashika, inatoa PTH, na kalsiamu ya mgonjwa inakaa sawa. Tezi inayofanya kazi mkononi bila neva zake haiwezi kusemwa kwamba inatawaliwa na neva.

Lakini pia haina maana kwamba neva hazifanyi lolote. Adrenalini ikipewa ng'ombe, PTH hupanda kwa muda mfupi. Hilo lilipimwa miaka ya 1970. Seli kuu zina masikio kwa zaidi ya kalsiamu. Swali lililobaki ni kama neva za NPY na CGRP zilizoko kwenye mishipa yake zinaongea na seli hizo au zinaongea na mshipa tu. Kwa mpangilio tuliouona, ningeweka uzito kwenye mshipa. Profesa anaona ni mapema, na amenitaka nichore karatasi mbili: moja ya neva, moja ya vipokezi, zote kwa kipimo kimoja ili zipandane zikiwekwa kwenye mwanga. Ya neva imejaa. Ya vipokezi ina muhtasari wa tezi tu, na itabaki hivyo kila mahali ambapo RNA haijapimwa.

13 Juni

Vipande vya RNA vimefika, kwenye barafu, vikiwa sawasawa. Kabla ya kuvigusisha thairoidi tutavijaribu kwenye tishu ambazo jibu lake linajulikana: CLR na RAMP1 kwenye fundo la trijemina (neva ya hisia za uso) la panya, VPAC1 kwenye pafu. Vikionekana huko, wiki ijayo tunaweka slaidi C na D, zile zinazoifuata slaidi B ambayo tayari ina VIP yake. Slaidi E na F zinabaki kwenye friza bila kuguswa, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kurudia kazi hii baada yetu.